Nyumba ya Mamoja Hulala Tisa

Waliokuwepo siku ile nawataja kwanza, kila mtu na wa kwao. Alikuwepo Mwalimu wa Darasa la Pili. Nilikuwepo mimi, mpika uji wa shule. Alikuwepo Mabula wa fundi baiskeli. Zuhura, ambaye mama yake alikuwa akiuza vitumbua getini. Nkwabi na Minza, hao ni mtoto wa kaka na mtoto wa dada, walikuja shule wameshikana mikono na kurudi wamegombana. Otieno, baba yake alishona nyavu pale mwaloni, wanaposhukia wavuvi. Kokugonza wa nesi. Magesa, watu wa kwao walitoka Majita. Hamisi wa fundi cherehani. Kulwa, mjukuu wangu. Mbuke, binti wa Mzee Luhende, na Mzee Luhende ndiye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Na Doto, pacha wa Kulwa, mjukuu wangu pia. Doto alikuwepo, ila nitaeleza alikuwepo wapi. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sijasema walikuwa wangapi. Kwetu Usukumani mtoto hahesabiwi kwa kidole, wala ng'ombe. Ukihesabu unaita kitu kije kipunguze. Mama yangu akiulizwa ana watoto wangapi alijibu kwa majina, na aliyeuliza akitaka jumla akajumlishe mwenyewe huko kwake. Nami nimekuwa hivyo. Shule nimesoma kidogo, kisomo cha watu wazima, tena ukubwani. Lakini jina la mtu likiniingia halitoki.

La Mwalimu pia ninalo. Silitaji kwa sababu lilitajwa vya kutosha siku ya kikao.

Mwalimu alikuwa mwanamke mfupi, mtu wa Ukerewe, ana sauti ya kuitia ng'ombe waliovuka mto. Shule yetu ilikuwa huku upande wa ziwani, imekaa katikati ya majabali, na sauti yake ilikuwa inagonga jabali na kurudi, kwa hiyo kila jambo watoto walilisikia mara mbili. Wageni walidhani anagomba. Hakuwa anagomba. Alikuwa anafundisha namba.

Ubao hakuupenda. Alisema ubao unawafundisha watoto kutazama mgongo wa mwalimu. Yeye alifunga khanga kiunoni juu ya gauni, akavua viatu, akatoka nje na darasa zima, akachora nyumba tatu kwenye mchanga kwa mpini wa jembe. Ya mkono wa kulia ni nyumba ya mamoja. Ya katikati ni nyumba ya makumi. Ya kushoto ni nyumba ya mamia. Kila mtoto alishika kijiti cha pamba. Vijiti hivyo alikuwa analetewa kutoka Magu na binti yangu aitwaye Sita, mama yao Kulwa na Doto, aliyekuwa anauza mchele huko na wanawe ameniachia mimi.

Basi mtoto wa kwanza anakwenda mlango wa mamoja.

"Hodi!"

"Nani?" linaitikia darasa zima.

"Mmoja!"

"Ingia, nyumba ya mamoja hulala tisa!"

Wanaingia hivyo hivyo, mmoja mmoja, mpaka nyumba inabana, Nkwabi anamkanyaga Minza kwa makusudi. Halafu anakuja mwingine. "Hodi!" "Nani?" "Wa kumi!" Hapo ndipo wanapiga kelele mpaka kunguru wanaruka: "Imejaaa! Hameni!" Mwalimu anafungua khanga yake kiunoni, anawazungushia wote pamoja, anavuta. Vijiti vyao anavifunga fungu moja kwa uzi wa nyavu. Yule wa kumi anapewa fungu, anahamia nyumba ya makumi peke yake, kifua mbele. Wengine wanatoka nje. Nyumba ya mamoja inabaki tupu, watu wanaanza upya.

Kila mtoto alitaka kuwa wa kumi. Doto ndiye alizidi. Alikuwa anajivuta nyuma ya mstari, anahesabu wenzake kwa macho, anamsukuma huyu apite mbele, yule apite mbele, ili zamu yake iangukie pale pale. Mwalimu alikuwa anamwona. Alimwambia, "Wewe Doto, hesabu unaijua kwa ujanja, na ujanja ni hesabu pia." Kulwa yeye aliingia popote alipoangukia.

Sasa nyumba ikiwa tupu katikati, hapo nilikuwa ninaitwa mimi. Mwalimu anasema tunataka mia mbili na tano. Wawili wanasimama nyumba ya mamia na mafungu makubwa, watano wanasimama mamoja. Makumi hakuna mtu. Anageuka jikoni.

"Bibi! Njoo na ungo wako ushike nafasi!"

"Mwalimu, uji utaungua."

"Uache uungue, namba ikiungua haiungwi tena."

Nakwenda na ungo, nakaa juu ya kigoda katikati ya makumi, ungo nimeushika kifuani. Mimi ndiye sifuri. Anawauliza, "Bibi ana kijiti?" "Hanaaa!" "Tumwondoe?" Wengine wanasema ndiyo, wengine hapana. Ananiambia, "Bibi, hebu toka." Nikitoka, wale wa mamia wanavutwa kuja makumi, na pale palipokuwa mia mbili na tano panakuwa ishirini na tano. Watoto wanashika vichwa. "Bibi rudi! Bibi rudi!" Narudi nakaa. Sijapata kuitwa hivyo mahali pengine.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimekosea siku nyingi. Ukutani kwa jiko nilikuwa naandika kwa mkaa idadi ya vikombe vya uji. Vikombe vinahesabika, havina mama. Siku moja vilikuwa mia moja na tano, nikaandika kama ninavyosema: mia moja, halafu tano mbele yake. Nikaona imekaa vizuri. Mwalimu akaingia kuomba maji, akasimama pale ukutani, akacheka mpaka akashika mlango.

"Bibi Kulwa na Doto, umelisha watu elfu moja na tano na sufuria mbili? Wewe ni wa kwenye Injili."

Hakunichekea mbele ya watoto. Alichukua vijiti, akakaa chini jikoni kwangu na gauni lake safi, akanipangia. Fungu kubwa moja huku. Katikati hakuna kitu. Tano huku. "Hapa katikati ni wewe na ungo wako," akasema. Basi. Toka hapo sikukosea. Kesho yake ndiyo alianza kuniita nje.

Alikuwa na mambo yake. Kucha za watoto alikagua kila asubuhi, zake zilikuwa na udongo. Fimbo hakuwahi kushika, lakini chaki alikuwa anairusha na hakosi. Alizaliwa kisiwani na meli ilimtapisha kila likizo, akifika Nansio amelala kutwa nzima kabla ya kusalimia watu. Dagaa hakula. Alisema wana macho mengi. Kanisani alikuwa wa kwanza kuingia na wa kwanza kusinzia. Na yeye aliyefundisha watoto wa watu kuhesabu alikuwa hajui ameweka wapi chaki iliyo sikioni kwake, Hamisi ndiye alikuwa anamwambia kila siku, "Mwalimu, sikio la kushoto."

Mtoto akikosa alimwambia, "Umekosa nyumba, hukukosa akili." Mtoto akijisifu alimwambia, "Tisa ni kubwa mpaka abishe hodi mmoja." Mimi alikuwa ananiambia neno jingine, kila akiniona nimekaa tu baada ya kuosha vyombo: "Bibi, umeshika nafasi ya nani leo?"

Mzee Luhende alishamwonya. Nilikuwepo, nilikuwa napeleka chai ofisini. Alimwambia kwa upole kwamba wazee wanasema watoto wanahesabiwa kama mbuzi wa mnada.

"Nahesabu vijiti, Mzee. Kila mtoto ana kijiti chake."

"Vijiti sawa. Ila macho ya watu yanaona watoto."

"Wazee hao wajukuu zao wanaandika mia sasa, Mzee. Mbuke wako je?"

"Mbuke anaandika hata usingizini," akasema, akacheka, akanywa chai. Iliishia hapo.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua. Doto aliamka hataki kula. Nikamwambia acha madeko, twende shule, na tukaenda. Kabla ya mchezo kuanza Mwalimu alikuja naye jikoni amemshika mkono.

"Bibi, huyu ana joto. Mpeleke zahanati."

"Nitampeleka nikimaliza uji."

"Mpeleke sasa, uji nitauangalia."

"Mwalimu, nimesema nikimaliza."

Akanitazama, akarudi kwa watoto. Nilimkalisha Doto karibu na mafiga kwa sababu alikuwa anatetemeka kwenye jua lile. Nikampa kikombe. Kule nje wakaanza hodi, hodi. Doto alikuwa anaitikia kwa sauti ndogo, "Imejaa, hameni." Aliingia Mabula, akaingia Zuhura, Nkwabi, Minza, Otieno, Kokugonza, Magesa, Hamisi, Kulwa. Wa kumi alikuwa Mbuke. Kati hapo nilikwenda mara moja nyuma ya jabali kuchukua kuni. Niliporudi Doto alikuwa palepale, kikombe hajakigusa. Nikamaliza uji, nikagawa, nikaosha sufuria. Nikaona jua limezidi, nikasema tutakwenda kesho.

Kesho tulikwenda. Zahanati wakatupeleka hospitali. Wakasema malaria imepanda kichwani. Siku ya tatu yake Doto akafa asubuhi.

Sikulia. Watu walisema nimekaza moyo. Sikukaza kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka naona miguu ya watu inaingia na kutoka, na nilijua kila mguu ni wa nani. Sita alikuja kutoka Magu, akazika, akalala siku zake, akarudi. Kulwa alilala upande wake ule ule wa kitanda. Upande wa pili haukuingiliwa.

Kikao cha wazazi kiliitwa baada ya matanga. Tulikaa darasani kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika kifuani. Aliyeanza ni Mama Zuhura, yule wa vitumbua.

"Mimi wangu hafungwi tena kamba kama kuku wa sokoni. Amefunga kumi, mmoja akachukuliwa. Nani haoni?"

"Haya ni mambo ya wazungu," akasema fundi baiskeli.

"Wazungu gani? Huyu ni Mkerewe," akasema mtu nyuma, watu wakacheka kidogo, wakaacha.

Mzee Luhende akasimama. "Mwalimu. Tukuulize kwa heshima. Khanga yako ilifunga vijiti, au ilifunga watoto?"

Sauti ya Mwalimu yote ile haikuwepo. "Watoto," akasema.

"Siku ile wa kumi alikuwa nani?"

Mwalimu aliinua macho akanitazama. Nyuma huko wakajibu wao: "Si ni Doto! Doto ndiye hupenda kuwa wa kumi, kila mtoto anajua!" Likaenea chumba kizima, Doto, Doto, kama jambo lililoonekana.

"Bibi Kulwa," akasema Mzee Luhende. "Pole sana. Wewe ulikuwepo. Sema."

Nilikuwa nayo yote mdomoni. Doto hakuingia nyumba yoyote. Wa kumi alikuwa Mbuke wako, Mzee, na yuko nyumbani kwako anakula. Mtoto alikuja shule na homa yake, Mwalimu akaniambia mpeleke, nikasema nikimaliza uji.

Nikasema, "Nilikuwa jikoni."

Ni kweli nilikuwa jikoni. Watu wakatikisa vichwa, wakanionea huruma, na Mama Zuhura akaja kunishika bega.

Mwalimu naye hakusema. Angesema neno moja tu, kwamba alimleta kwa bibi yake akiwa na homa, na kikao kingegeuka upande wangu. Alitazama mikono yake. Ilikuwa na chaki.

Mchezo ukakatazwa. Alirudi ubaoni, akawapa watoto vizibo vya soda wahesabu wamekaa. Jikoni nikawa nasikia vizibo tu. Khanga hakufunga kiunoni tena. Hakuniita nje, na mimi sikumwuliza. Alikuja kuomba maji kama zamani, "Shikamoo Bibi," "Marahaba Mwalimu," anakunywa, anarudisha kikombe. Mwaka uliofuata akahamishiwa mbali. Siku ya kuondoka aliniletea ungo mpya. Ule wa zamani ulikuwa bado mzima.

Watu waliacha kuniita Bibi Kulwa na Doto. Nikawa Bibi Kulwa. Nilipika uji miaka mingine mingi.

Sasa Kulwa ana mtoto, Limi, yuko Darasa la Pili. Juzi, yaani mwaka jana, Limi alirudi na daftari lina kosa jekundu. Ameandika mia moja na tano vile vile nilivyoandika mimi ukutani. Kulwa alichukua jembe, akatoka uani, akachora nyumba tatu. Akawapanga Limi na watoto wa jirani. Halafu akageuka mlangoni kwangu.

"Bibi, njoo na ungo."

Nikaenda nikakaa katikati. Watoto wakapiga kelele. Nilikaa mpaka wakachoka wakaenda zao, Kulwa akaja kuchukua kigoda, nikamwambia nipeleke Nansio.

"Kufanya nini?"

"Kwa Mwalimu. Nasikia amestaafu, amerudi kwao."

Kulwa alinitazama. Yeye siku ile alikuwa ndani ya khanga, wa kabla ya Mbuke. Alijua miaka yote. Akasema, "Nitaomba ruhusa Ijumaa."

Tulimkuta anamenya mihogo barazani kwa mtoto wa dada yake. Mimi nimemzidi umri, lakini yeye ndiye amekunjika zaidi, na jicho moja limeingia ukungu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba Mwalimu. Umezeeka."

"Wewe je? Wewe ulizaliwa na mvi." Sauti ilikuwa ndogo, ila ni ile ile. Akamwangalia Kulwa, akauliza, "Huyu ni yupi?"

"Kulwa," nikasema.

Akasema Kulwa aende ndani akasalimie. Tukabaki. Nilichukua kisu nikamenya pamoja naye, maana sikujua kuanza. Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya kikao kile.

"Mbona hukusema, Mwalimu? Ulinituma nimpeleke. Ungesema tu."

"Ningesema nini? Ulikuwa umefiwa."

Akaendelea kumenya. Halafu akasema, "Mwanzoni nilijua. Nilijua nilimkabidhi kwako. Lakini ukiambiwa jambo na watu wote, Bibi, mwaka baada ya mwaka. Siku hizi namwona ndani ya khanga. Nimeivuta, yupo mbele kabisa, anacheka. Nilimfunga mimi. Namwona hivi."

"Hapana."

"Namwona, Bibi."

"Hapana, Mwalimu. Alikuwa kwangu. Kwenye mafiga."

Akaweka kisu chini. "Basi nitajie," akasema. "Wewe huwa husahau."

Nikamtajia. Yeye akakunja vidole, na mimi sikumzuia. Mabula, akakunja. Zuhura. Nkwabi. Minza. Otieno. Hapo mkono mmoja ukajaa, akauweka juu ya goti kama fungu. Kokugonza. Magesa. Hamisi. Kulwa. Kikabaki kidole gumba. Alikuwa anakitazama.

"Mbuke," nikasema.

"Mbuke," akasema, akakikunja. "Mbuke yuko wapi?"

"Anauza vitenge Buzuruga, karibu na stendi. Mzima kabisa. Ana watoto."

"Wangapi?"

"Luhende mdogo, Nyanzobe na Esta."

Akacheka, akafuta jicho lile lenye ukungu kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na utomvu wa mihogo. Ngumi zake mbili zilibaki zimefumbwa pale magotini muda mrefu. Sikumwomba msamaha. Nilikuwa nimeuandaa njia nzima kwenye meli na ulipofika wakati haukutoka. Nilimwambia tu, "Nilisema nikimaliza uji." Akasema, "Nakumbuka. Ulikuwa karibu kuungua." Tukamenya mpaka beseni likajaa.

Haya ndiyo ninayokumbuka. Nimeyaandika kama vile ningesema siku ile kwenye kikao, na majina yake. Mabula, Zuhura, Nkwabi, Minza, Otieno, Kokugonza, Magesa, Hamisi, Mbuke, nyinyi mlikuwa ndani ya khanga, mlikuwa mnaonana uso kwa uso. Mimi nilikwenda nyuma ya jabali mara moja kuchukua kuni. Nikikosea jina au nikikosea aliyetangulia, nisahihisheni. Na kama kuna mmoja wenu aliyemwona Doto akitoka jikoni akaingia kwenye mstari, naye anisahihishe. Lakini asiende Nansio. Aje kwangu.